Chicago, 1920: shule ya ustawi wa jamii ilipoingia chuo kikuu

Mjadala wa kukipandisha chuo cha ustawi wa jamii kiwe chuo kikuu, au kukiingiza ndani ya chuo kikuu kilichopo, hapa kwetu Tanzania hauishi. Wanaotaka wanasema bila shahada na utafiti afisa ustawi ataendelea kupuuzwa na hakimu, daktari na mkurugenzi wa halmashauri. Wasiotaka wanasema wahitimu watatoka na nadharia tele lakini hawatajua kukaa na mama aliyefukuzwa nyumbani na watoto wanne. Nimechagua kisa cha mbali na cha zamani kwa sababu hoja zote mbili zilishabishaniwa huko, na matokeo ya miaka zaidi ya mia yako wazi kwa anayetaka kuyapima.

Kisa ni cha mjini Chicago, Marekani. Mwaka 1920 Shule ya Uraia na Hisani ya Chicago, iliyokuwa ikiishi kwa michango ya watu wenye uwezo, iliacha kujitegemea na kuingia Chuo Kikuu cha Chicago kwa jina jipya: Shule Kuu ya Utawala wa Huduma za Jamii. Walioisukuma hatua hiyo ni wanawake wawili, Sophonisba Breckinridge na Edith Abbott. Asiyeifurahia sana ni mchungaji Graham Taylor, yaani mtu aliyeianzisha shule yenyewe.

Shule ya michango

Chicago ya wakati ule ilikuwa imefurika. Mwaka 1890 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1, na kufikia 1910 walikuwa wamezidi milioni 2, wengi wao wahamiaji kutoka Poland, Italia na kwingineko Ulaya waliofuata kazi za machinjioni na viwanda vya chuma. Katikati ya mitaa hiyo Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull-House mwaka 1889, nyumba ambamo watu wenye elimu waliishi pamoja na maskini na kuwahudumia. Taylor naye alianzisha nyumba ya aina hiyo, Chicago Commons, mwaka 1894.

Kazi ikakua kuliko watu wa kuifanya. Mfano mzuri ni mahakama ya watoto ya Kaunti ya Cook, ya kwanza Marekani, iliyoanza Julai 1899. Sheria iliruhusu mahakama kuwa na maofisa wa uangalizi wa kumfuatilia mtoto nyumbani kwao, ila haikutenga hata senti ya mishahara yao. Kwa miaka kadhaa mishahara ikatoka kwa kamati ya wanawake wa Hull-House na marafiki zao, waliochangisha mjini. Ofisa anapatikana kwa hisani, lakini nani amfundishe kuandika ripoti ambayo hakimu ataitegemea kumtoa mtoto kwa wazazi wake?

Taylor alianza kufundisha mwaka 1903, kama masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Chicago, kwa kuungwa mkono na rais wa chuo hicho, William Rainey Harper. Harper alifariki mwaka 1906 na mlango ule ukajifunga. Ndipo mwaka 1908 shule ikasajiliwa kwa jina lake yenyewe. Ilikuwa na idara ya utafiti, iliyoendeshwa kwa fedha za mfuko wa Russell Sage wa New York.

Ukiliangalia jambo hili kwa macho ya mtu aliyefanya kazi kwenye asasi za kiraia, utaona historia inayofahamika. Masomo ni mazuri, wanafunzi wapo, walimu wana moyo, lakini kila mwaka mkuu wa shule anazunguka na kofia. Fedha za Sage zilipokoma idara ya utafiti ikabaki hewani. Mfadhili mkubwa aliyebaki, Julius Rosenwald wa kampuni ya Sears, Roebuck, alikuwa tayari kusaidia, lakini naye alikuwa mfanyabiashara na alijua kwamba kuziba pengo kila mwaka si mpango.

Wanawake wawili na futi za ujazo

Breckinridge alizaliwa Kentucky mwaka 1866. Alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1901, kisha shahada ya sheria hapo hapo mwaka 1904. Mwanamke mwenye sifa hizo, chuo kikuu kilimpa nafasi ya kufundisha wapi? Kwenye idara ya utawala wa nyumbani. Edith Abbott, mzaliwa wa Nebraska mwaka 1876, alikuwa na uzamivu wa uchumi wa mwaka 1905 na alikwenda kusoma London kabla ya kurudi Chicago mwaka 1908 kumsaidia Breckinridge katika idara ya utafiti. Kwa miaka mingi wote wawili waliishi Hull-House, kwa hiyo anayewaita watu wa vitabu tu anawaonea.

Namna yao ya kufundisha inaonekana vizuri zaidi kwenye uchunguzi wa nyumba za kupanga, walioanza mwaka 1908 na kuuendeleza kwa miongo. Wanafunzi walipelekwa fildi mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, wakiwa na kipimo mkononi. Sheria ya jiji ilisema chumba cha kulala lazima kiwe na hewa futi za ujazo 400 kwa kila mtu mzima na 200 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 12. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, kile tunachokijua sote tuliowahi kupanga mjini, chenye dari la futi nane. Ujazo wake ni futi 800: watu wazima wawili, basi. Mtoto mmoja akiongezeka, sheria imevunjwa. Wanafunzi walikuta familia pamoja na wapangaji wa kulala wamebanana kwenye vyumba vidogo kuliko hicho, na kazi yao haikuwa kusikitika bali kupima, kuhesabu waliolala humo, kuandika dirisha linatazama wapi na choo kinatumiwa na kaya ngapi. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kitaaluma la sosholojia, mtaa baada ya mtaa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yao na mafunzo mengine ya zama zile. Mtembeleaji wa hisani aliingia nyumbani kwa maskini kumtazama mtu: ana bidii, anakunywa, anastahili? Mwanafunzi wa Breckinridge aliingia kuitazama nyumba na sheria inayoihusu, na jina la mwenye nyumba. Shauri la mteja mmoja bado lilikuwa na nafasi yake, ila halikutosha. Mwaka 1912 wawili hao walitoa utafiti mkubwa juu ya watoto waliofikishwa mbele ya ile mahakama ya watoto katika miaka yake kumi ya mwanzo, wakitumia majalada ya mahakama yenyewe na mazungumzo na familia. Mwaka 1913 Breckinridge aliandika juu ya ubaguzi wa rangi katika nyumba za Chicago: jinsi Weusi walivyotozwa kodi kubwa zaidi kwa vyumba vibovu zaidi. Mistari hiyo ikumbukwe, maana itamrudia mwajiri wake.

Uamuzi

Mwaka 1915 Abraham Flexner, mtu ambaye ripoti yake ya 1910 ilikuwa imefunga vyuo vingi vya udaktari Marekani, alialikwa Baltimore kwenye mkutano wa kitaifa wa watu wa hisani kujibu kama kazi ya ustawi wa jamii ni taaluma. Akasema bado. Kwa maelezo yake mtu wa ustawi ni kiungo: anamwita daktari, anamwita mwanasheria, anamwita mwalimu, yeye mwenyewe hana ujuzi wa peke yake. Fani nzima ilijeruhiwa, na kila shule ikatafuta dawa. Wengi wa upande wa mashariki walijikita kwenye ufundi wa kumhudumia mteja mmoja mmoja, na kitabu cha Mary Richmond cha 1917 kikawapa lugha na hatua za kufuata. Chicago ikachagua njia nyingine: sheria, takwimu, historia ya sheria za maskini na uendeshaji wa idara za serikali.

Lakini masomo ya namna hiyo hayaendeshwi kwa michango ya harusi. Yanataka maktaba, walimu wa kudumu, wenzao wa sheria na uchumi mlango wa jirani, na mamlaka ya kutoa shahada za juu. Ndiyo maana, fedha zilipokauka, Abbott na Breckinridge hawakutafuta mfadhili mwingine. Waliutafuta uongozi wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Leon Marshall, amidi wa shule ya biashara, aliwaelewa, na Rosenwald, ambaye alikuwa na sauti pande zote mbili, akaunga mkono.

Taylor aliona jambo ambalo nadhani ni halali kabisa. Shule yake ilimpokea mtu asiye na shahada ya kwanza: mke wa fundi, karani wa kanisa, mfanyakazi wa nyumba za jamii anayesoma jioni. Shule kuu ya uzamili inamfungia mlango mtu huyo. Pia aliogopa kwamba mtaa utageuka kitu cha kuchunguzwa badala ya kuwa jirani. Angeweza kuendelea na shule yake ndogo iwapo angekuwa na fedha, na hakuwa nazo. Kwa hiyo tusiseme alishindwa kwa hoja. Alishindwa kwa hesabu za benki. Nimeona watu wakisimulia tukio hili kama ushindi wa sayansi dhidi ya hisani, na simulizi hiyo inapendeza, ila inasahau madeni.

Walichovuna

Abbott akawa amidi mwaka 1924, miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kuongoza shule ya uzamili ya chuo kikuu, akakaa mpaka 1942. Mwaka 1927 yeye na Breckinridge walianzisha jarida la kitaaluma la shule, Social Service Review, ambalo linatoka hadi leo.

Ila mavuno hasa yalikuja wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Hapa ni vizuri kufuata uzi mmoja hadi mwisho. Mwaka 1911 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuwapa mama wasio na msaada fedha za umma ili wasilazimike kuwapeleka watoto kwenye vituo vya yatima. Ilikuwa ya kwanza ya jimbo zima nchini humo. Abbott na Breckinridge waliufuatilia utekelezaji wake, na mwaka 1921 ripoti yao ikachapishwa na Ofisi ya Watoto ya serikali ya shirikisho. Walikuta sheria moja inatekelezwa kama sheria kadhaa tofauti: kaunti hii ina ofisa aliyefunzwa na faili linaloeleweka, kaunti ile jaji anaamua kwa kumjua mama huyo au kutomjua, na nyingine haitengi fedha ya maana. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wa kuhakiki kaya za TASAF, mfuko wa umma wa kusaidia kaya maskini Tanzania, atazitambua hoja hizo bila kusimuliwa.

Ofisi ya Watoto yenyewe iliongozwa na watu wa mduara ule ule. Mkuu wa kwanza, mwaka 1912, alikuwa Julia Lathrop, aliyesaidia kujenga shule ya Taylor. Aliyempokea mwaka 1921 ni Grace Abbott, mdogo wake Edith, ambaye mwaka 1934 alirudi Chicago kuwa profesa shuleni. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilipotiwa saini Agosti 1935, sehemu yake ya msaada kwa watoto wasio na mtegemezi ilitokana na uzoefu wa sheria kama ile ya Illinois, na Grace Abbott alikuwa mmoja wa walioshauriwa.

Sasa kila jimbo likahitaji maofisa wa kuitekeleza. Serikali ya shirikisho ilikuwa imeshaanza kutoa fedha za kuwapeleka wafanyakazi wa misaada masomoni, na shule iliyotumia miaka kumi na mitano ikifundisha utawala wa huduma za umma, wakati wengine wakifundisha ushauri kwa mashirika binafsi, ikajikuta ndiyo yenye bidhaa inayotakiwa. Wanafunzi wakaongezeka haraka. Uamuzi wa 1920, ambao wakati ule ulionekana kama kujisalimisha kwa wasomi, ukawa umeipa shule mteja mkubwa kuliko wote, yaani serikali.

Abbott hakuwa mkaidi kupita kiasi, jambo ambalo wanaompenda na wanaomchukia husahau. Mwaka 1932 alimleta Charlotte Towle, mtaalamu wa kazi na mtu mmoja mmoja aliyebobea upande wa saikolojia, awe mwalimu. Baadaye, mwaka 1945, akaja Helen Harris Perlman, ambaye mbinu yake ya kumsaidia mteja kwa hatua za kutatua tatizo ilisambaa hadi kwenye madarasa ya ustawi wa jamii ya nchi nyingi. Shule ya sheria na takwimu ikawa pia shule ya chumba cha mazungumzo. Mvutano wa pande hizo mbili haukuisha. Ulihamia tu kwenye vikao vya mitaala.

Gharama

Mteja mkubwa ana masharti yake. Towle aliandika kitabu kidogo cha mafunzo kwa maofisa wa misaada ya umma, kikachapishwa na serikali mwaka 1945. Hoja yake ni kwamba anayeomba msaada ana mahitaji ya kibinadamu kama yetu sote, na kumsaidia si kumdekeza. Mwaka 1951, katika hofu ya ukomunisti, chama cha madaktari wa Marekani kikalishikia bango neno lililotajwa humo kuhusu dola ya kijamaa, na idara ile ile ya serikali ikaamuru nakala zilizobaki ziharibiwe. Kilichokiokoa ni chama cha wanataaluma wenyewe, ambacho kilikichapisha upya, na Towle akaendelea kufundisha, maana mwajiri wake alikuwa chuo kikuu binafsi. Kwa jambo hili moja nampa Abbott alama zote: angekuwa ameiweka shule moja kwa moja chini ya serikali, sidhani kama Towle angebaki darasani.

Chuo kikuu hicho nacho kilikuwa na yake. Katika miaka ya 1930 na 1940, wakati shule inafundisha juu ya nyumba za maskini, Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kikizifadhili jumuiya za wenye nyumba wa mitaa ya jirani zilizolinda mikataba ya kuwazuia Weusi kununua au kupanga. Kesi ya familia ya Hansberry, ambao walikuwa Weusi, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1940, ilitokana na mkataba wa aina hiyo katika eneo la karibu na chuo. Yale aliyoyaandika Breckinridge mwaka 1913 yalikuwa yakitendeka karibu na ofisi yake, kwa fedha ya mwajiri wake. Shule ilikuwa na data, ilikuwa na wanasheria, na bado chuo kiliendelea na mambo yake. Mimi huona hapa ndipo wasiwasi wa Taylor unapopata uzito: ukiwa ndani ya taasisi kubwa unapata maktaba yake na unabeba pia dhambi zake kwa majirani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 majirani walijibu. Wakazi wa Woodlawn, kusini ya chuo, walijipanga kwa msaada wa Saul Alinsky, mwanaharakati wa kuwaunganisha wananchi, kupinga upanuzi wa chuo kwenye mtaa wao, na wakalazimisha ahadi kwamba chuo hakitajenga kusini ya barabara ya 61. Wakati huo huo shule ya ustawi wa jamii ilikuwa inapata jengo jipya kwenye barabara ya 60, kazi ya msanifu Ludwig Mies van der Rohe, lililokamilika mwaka 1965: chuma cheusi na vioo, ukumbi mpana usio na kuta. Ni jengo zuri, na lipo hatua chache kutoka mpaka ule. Mafundisho ya jinsi ya kuwapanga wananchi yalikuwa yanatolewa bure nje ya dirisha.

Njia ambayo haikuchukuliwa

Uchambuzi wa kisa ni lazima uulize ingekuwaje vinginevyo, na hapa historia imetupa kielelezo. Majengo mengi ya Hull-House yalibomolewa mwaka 1963 kupisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois cha mjini humo, ambacho shule yake ya ustawi wa jamii ndiyo iliyochukua jina la Jane Addams. (Ni shule hiyo ya umma, si hii ninayoizungumzia, iliyokuja kushirikiana na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, Dar es Salaam, kufundisha wasaidizi wa ustawi ngazi ya vijiji na kata kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI.) Shirika lililorithi huduma za Hull-House liliendelea mitaani mpaka Januari 2012, likafungwa kwa kukosa fedha. Wateja waliofika walikuta milango imefungwa.

Kituo cha yatima cha Chapin Hall kilikwenda njia tofauti. Kilikuwa na historia tangu 1860. Kilipoacha kulea watoto, Harold Richman, aliyekuwa amidi wa shule ya ustawi wa jamii, alikigeuza mwaka 1985 kuwa kituo cha utafiti wa sera za watoto kwenye Chuo Kikuu cha Chicago. Kipo hadi leo. Ukiviweka viwili hivi pamoja utaona kilichotokea: taasisi iliyobaki na watu ilikufa, iliyokwenda kwenye utafiti ikaishi. Sisemi ilistahili kuwa hivyo. Nasema fedha za Marekani zilifuata upande huo, na Abbott alikuwa amezinusa mapema.

Januari 2021 shule ilibadilishwa jina kufuatia zawadi ya dola milioni 75 kutoka kwa familia ya Crown ya Chicago, na sasa inaitwa kwa jina la familia hiyo. Wahitimu wengine walinung'unika, lakini sioni ajabu. Rosenwald alikuwa anaziba mapengo. Akina Crown wamenunua nafasi ya kudumu ukutani, na kwa bei inayoeleweka. Tatizo ambalo zawadi hiyo inaweza kulipunguza ni lile lililozaliwa siku wanafunzi wa Taylor wasio na shahada walipofungiwa mlango. Ada ya uzamili kwenye chuo binafsi cha kiwango hicho ni kubwa, na mshahara wa afisa ustawi wa jamii Marekani ni mdogo kwa kulinganisha na mkopo anaotoka nao. Mkazi wa Woodlawn anayefanya kazi za ustawi kwenye mtaa wake anaiona shule kila siku upande wa pili wa barabara. Bila ufadhili kamili, hana namna ya kuingia.